Shylock Bila ya Wakili: Maoni juu ya Hukumu katika "Mabepari wa Venisi"

Tangu mwaka 1969, Mwalimu Julius K. Nyerere alipotoa tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare na kuuita Mabepari wa Venisi, wasomaji wa Kiswahili wamepata nafasi ya kuliangalia kwa lugha yao wenyewe mojawapo la mashauri mashuhuri yaliyopata kutungwa kwa ajili ya jukwaa. Nalo ni shauri la Shylock, mkopeshaji wa Kiyahudi, adaiye ratili moja ya nyama ya mwili wa Antonio, mfanyi biashara Mkristo, kwa kuwa deni la dukati 3,000 halikulipwa siku yake. Aghalabu shauri hili husomwa kama shindano baina ya sheria na huruma. Shylock husimama upande wa sheria, Portia upande wa huruma. Sheria hushindwa, huruma hushinda, na msomaji hufunga kitabu ameridhika.

Makala haya hayakuandikwa kwa ajili ya kumtakasa Shylock. Mtu anoaye kisu mbele ya hakimu ili akate kifua cha mwenziwe hatakasiki kwa kalamu ya mhakiki. Shabaha yetu ni kuuliza swali moja ambalo, kwa udogo wake, ni rahisi kulipita: wakili wa Shylock yu wapi? Mtu huyu, mwenye rafiki awezaye kumtimizia dukati 3,000 mara moja, na ambaye siku kumi na nne kabla ya deni kuiva aliagiza askari alipwe ili awe tayari kumkamata mdeni, aingia mahakamani peke yake, na mizani na kisu, bila ya mtu hata mmoja wa kumsemea au kumnong'oneza sikioni. Tukilichunguza jambo hili tutaona kwamba kushindwa kwake kuna sababu mbili ambazo zimechanganywa zikawa kama moja. Ya kwanza ni makosa ya mtu ajisemeaye mwenyewe. Ya pili ni kosa la mahakama imwonayo mtu yu peke yake nayo ikanyamaza. Ile ya kwanza yampasa Shylock aibebe. Hii ya pili si yake.

Yafaa tuanze na maneno, maana lugha yetu ina mengi ya kutufundisha hapa. Kitenzi teta maana yake ni kugombana kwa maneno. Kikitiwa kiambishi cha kutendea huwa tetea, yaani kuteta kwa ajili ya mtu mwingine. Na kitenzi cha namna hii chataka watu wawili, msemaji na msemewa. Twapotia ji na kupata jitetea, nafasi ya msemewa hujazwa na yule yule msemaji. Sarufi yaruhusu jambo hili kwa silabi moja tu, lakini mambo ya ulimwengu hayaliruhusu kwa urahisi huo. Neno wakili nalo, lililotoka katika Kiarabu, halina maana ya mjuzi wa sheria peke yake. Kwa asili yake ni mtu aliyekabidhiwa jambo la mwingine alisimamie: kuna wakili katika ndoa, kuna wakili katika mali ya marehemu, kuna wakili katika biashara, na huenda hakuna hata mmoja wao aliyefungua kitabu cha sheria. Sifa ya kwanza ya wakili, basi, ni kwamba yeye si wewe. Hana kidonda chako. Elimu ya sheria ni sifa ya pili.

Wazee wamelisema jambo hili kwa ufupi: kinyozi hajinyoi. Kinyozi hakosi ustadi, wala wembe wake si butu. Akosacho ni kuwa mahali pengine, mbele ya kichwa chake au nyuma ya shingo yake. Hivyo ndivyo alivyo mtu ajiteteaye, hata akiwa na akili nyingi kama alizo nazo Shylock.

Hebu sasa tuyatazame makosa yake mwenyewe. Kosa la kwanza latendeka kabla Portia hajaingia. Mtawala wa Venisi amwuliza Shylock, kwa maneno ya upole, kama kweli ataendelea na dai lake. Jibu lililotosha lilikuwa fupi: hati hii hapa, siku imepita, nadai kilichoandikwa. Badala yake Shylock atoa hotuba. Asema kwamba hatataja sababu ya kupenda nyama kuliko fedha, kisha ataja sababu: kama watu wengine wasivyoweza kumvumilia paka, na wengine wasivyoweza kuvumilia sauti ya zumari, ndivyo naye asivyoweza kumvumilia Antonio, amchukia, na chuki hiyo ndiyo imletayo hapa. Halafu akinoe kisu chake kwenye soli ya kiatu machoni pa watu wote.

Mtazamaji huona hapa ukali wa moyo, na huona sawa. Lakini katika mwenendo wa shauri maneno haya ni ushahidi, na ushahidi huo Shylock autoa juu ya nafsi yake. Portia atakapoleta mwishoni ile sheria imhukumuye mgeni akusudiaye kuuondoa uhai wa raia, hatahitaji kumwita shahidi hata mmoja. Atasema tu kwamba mwenendo wa Shylock ulioonekana wazi mahakamani umeithibitisha nia yake. Kila neno la ile hotuba lilikuwa jiwe la ukuta wa gereza lake, na yeye ndiye aliyekuwa mwashi. Mtu mwingine yeyote aliyekaa kando yake, hata kama hakujua sheria, angalimvuta kanzu akamwambia: nyamaza.

Kosa la pili ni kukataa. Bassanio amtolea dukati 6,000 badala ya 3,000. Baadaye Portia amkumbusha kwamba yuatolewa mara tatu ya fedha zake. Shylock ajibu kwamba amekwisha kula kiapo mbinguni. Thamani ya dai lake ilikuwa imefika kilele chake katika dakika ile, wala isingepanda tena. Mwenye kulitazama shauri kwa jicho la mtu wa kando hujua kwamba kila dai lina saa yake ya kuuzwa. Shylock, bingwa wa biashara sokoni, aisahau biashara mahakamani, kwa sababu kilichomleta hapo hakikuwa mali. Binti yake ametoroka na fedha zake na vito vyake, ametemewa mate ndevuni, ameitwa mbwa. Ndiyo maana mdai huyu amemfukuza mkopeshaji aliyemo ndani yake. Mwamba ngoma huvutia kwake, lakini mtu mwenye hasira huivuta mpaka ikapasuka.

Kosa la tatu ni la namna ya kusoma. Portia amwuliza kama ameandaa tabibu wa kuyafunga majeraha, asije Antonio akafa kwa kutoka damu. Shylock auliza kama jambo hilo limetajwa katika hati, akaitazama, akasema halionekani humo. Hapa amefunguliwa mlango asiouona. Neno damu limetajwa; hatari ya kifo imetajwa; na Shylock, kwa kutaka kushinda hoja ndogo ya siku hiyo, aikubali kanuni kwamba kisichoandikwa hakimo. Baada ya dakika chache kanuni hiyo hiyo yamrudia: nyama imeandikwa, damu haikuandikwa, basi akate nyama, lakini tone moja la damu ya Mkristo likimwagika, mali yake yote yatwaliwa. Ameuawa kwa upanga wa herufi alioufua mwenyewe.

Juu ya makosa hayo matatu hatuna ubishi na wale wasemao kwamba Shylock alijiangamiza. Lakini lingekuwa jambo la dhuluma kutotaja upande wa pili wa kujisemea, maana umo katika mchezo huo huo. Shylock awaambia wakuu wa Venisi kwamba wao wana watumwa waliowanunua, na huwatumia kama punda na mbwa wao katika kazi za kinyonge. Je, akiwashauri wawaache huru na kuwaoza watoto wao, watakubali? Watajibu kwamba watumwa ni mali yao. Basi na yeye ajibu hivyo hivyo: ratili hii ya nyama ameinunua kwa gharama kubwa, ni yake. Katika mahakama nzima hakuna aijibuye hoja hii. Mtawala asema tu kwamba aweza kuliahirisha baraza mpaka aje Bellario, mwanachuoni wa Padua aliyetumiwa habari.

Wakili mwangalifu angaliifuta hoja hiyo, kwa kuwa yawaudhi mahakimu wala haimsogezi mdai hata hatua moja. Lakini hiyo ndiyo hoja yenye ukweli mkubwa kupita zote zilizosemwa siku ile, na aliyeweza kuisema ni yule tu asiye na cha kumwogopa mtu wala cha kumpendeza. Twaona basi kwamba kujisemea kuna hasara kwa shauri na kuna faida kwa sauti. Mtungaji alilijua hili. Angalimpa Shylock wakili, tungalipata shauri lililoendeshwa vyema, na mchezo usingekuwapo.

Na sasa tuigeukie mahakama. Kabla Shylock hajaingia, Mtawala amwambia Antonio kwamba amhurumia kwa kuwa amekutana na adui mwenye moyo wa jiwe, asiye na utu wala huruma. Hayo ni maneno ya mwamuzi kwa upande mmoja wa shauri, nao upande wa pili ungali nje ya mlango. Kisha aja Portia, amevaa nguo za mwanachuoni wa sheria. Barua ya Bellario yasema kwamba wamelichunguza shauri pamoja na kufunua vitabu vingi. Mahakama yamdhani kuwa mshauri asiye na upande. Sisi twajua kwamba ni mke wa Bassanio, ambaye kwa ajili yake deni lilikopwa. Na kwamba Bellario ni jamaa yake. Antonio pia haonekani na wakili, lakini hakika ni kwamba wakili wake amekaa katika kiti cha hukumu.

Watu wa London waliouona mchezo huu katika miaka ya mwisho ya karne ya 16, kabla haujachapwa mwaka 1600, hawakushangaa kumwona mtu amesimama peke yake mahakamani. Katika sheria ya Kiingereza ya siku hizo mshitakiwa wa kosa kubwa la jinai hakuruhusiwa kuwa na wakili wa kumjibia juu ya mambo ya ushahidi. Katika mashitaka ya uhaini ruhusa hiyo ilitolewa mwaka 1696, na kwa makosa makubwa mengine haki kamili ya kusemewa na wakili ilisubiri mpaka mwaka 1836. Watetezi wa desturi hiyo walikuwa na sababu yao. Walisema kwamba hakimu mwenyewe ni wakili wa mshitakiwa: yeye ndiye atakayeangalia mtu huyu asionewe kwa kutojua sheria. Mara nyingi ahadi hiyo haikutimizwa. Lakini hata ahadi isiyotimizwa yatuonyesha mzani ambao watu wa zama zile waliukubali. Mtu akiwa peke yake, mjuzi aliye kitini ana deni kwake.

Tumpime Portia kwa mzani huo. Ameijua hoja ya damu tangu mwanzo, au angalau tangu alipouliza juu ya tabibu. Ameijua na ile sheria ya wageni. Hata hivyo asema kwamba dai la Shylock ni la ajabu lakini sheria ya Venisi haiwezi kulizuia. Asema kwamba hapana uwezo katika Venisi wa kuibadili amri iliyowekwa. Asema kwamba hati imevunjwa na kwamba kwa sheria Myahudi aweza kuidai nyama. Kwa kila kauli Shylock asogea hatua moja mbele, akimsifu hakimu kijana mwenye hekima ya wazee. Na kila sifa ni hatua ya kuuendea mtego. Pale tu kisu kinapoelekea kifuani ndipo asikiapo neno la kumzuia. Auliza kwa mshangao: hiyo ndiyo sheria? Swali hili la maneno machache ndilo kiini cha mchezo kwa msomaji wa jambo letu. Ni swali la mtu ambaye kwa mara ya kwanza aisikia sheria siku ile ile imhukumupo.

Haya hayajaisha. Shylock ataka sasa kuzipokea zile fedha mara tatu, akataliwa. Ataka rasilimali yake tu. Akataliwa, kwa sababu alikwisha kuikataa mbele ya mahakama. Aamua kuondoka. Ndipo aambiwapo angoje, sheria ingali imemshika: yeye ni mgeni, amekusudia uhai wa raia, nusu ya mali yake ni ya Antonio na nusu ya hazina, na uhai wake umo mikononi mwa Mtawala. Katika muda wa pumzi moja mdai amegeuzwa mshitakiwa, na daawa ya deni imekuwa kesi ya jinai. Hakusomewa mashitaka kabla. Hakupewa siku ya kujitayarisha. Hakuulizwa kama ana shahidi. Tukumbuke kwamba Mtawala huyu huyu alikuwa tayari kuliahirisha baraza kwa ajili ya kumngoja Bellario. Mahakama ilipohitaji mshauri, muda ulikuwapo. Shylock alipomhitaji mshauri, muda ulikwisha.

Baada ya hukumu Bassanio amtolea yule mwanachuoni dukati 3,000, zile zile zilizokuwa za Shylock, ziwe shukrani kwa taabu yake. Portia azikataa na mwishowe aipokea pete. Katika mchezo jambo hilo ni chanzo cha mzaha wa sehemu ya mwisho. Lakini msomaji aliyezoea baraza la hakimu hawezi kucheka upesi aonapo aliyeshinda akimtolea mwamuzi fedha zilizogombaniwa, hata ikiwa azitoa kwa moyo mweupe.

Wanasheria wa Kijerumani walibishana sana juu ya hukumu hii katika karne ya 19. Rudolf von Jhering, katika kazi yake ya mwaka 1872 juu ya kupigania haki, alishikilia kwamba Shylock alidhulumiwa: hati ile ilikuwa batili tangu mwanzo kwa kuwa yapinga maadili mema, na hakimu alipaswa kusema hivyo waziwazi, lakini akiisha kuikubali nyama, kuikataza damu ni hila ya maneno, maana nyama haikatwi bila ya damu. Josef Kohler alimjibu mwaka 1883 kwamba hukumu ya Portia, hata kama sababu zake ni dhaifu, ni ushindi wa dhamiri mpya ya haki juu ya ukavu wa herufi za kale.

Mabishano yao ni makubwa, na swali letu ni dogo kuliko yao, lakini lasimama hata tukimkubali yeyote kati yao. Kama Jhering asema kweli, Shylock alistahili kuambiwa asubuhi kwamba hati yake ni batili, arudi nyumbani na fedha zake. Kama Kohler asema kweli, na ile dhamiri mpya ilikuwa na haki ya kushinda, bado twaweza kuuliza kwa nini ilishinda kwa kuvizia. Dhamiri ikishinda kwa mtego yajifunza tabia ya mtego.

Msomaji aweza kutukatiza hapa na kusema: Portia alimwonya mara nyingi. Alimwomba awe na huruma, alimkumbusha fedha, alimtajia tabibu. Tukubali kwamba alimpa nafasi. Lakini onyo na ombi ni vitu viwili mbalimbali. Yule amwonyaye mtu humwambia iliko hatari. Portia alimwambia Shylock kwamba huruma ni njema. Hakumwambia kwamba kuikosa kutampotezea kila kitu alicho nacho. Shylock aliuliza wazi ni kitu gani kimlazimishacho kuhurumu, na kwa kweli jibu la kisheria lilikuwapo mikononi mwa yule aliyemwuliza. Alijibiwa kwa hotuba nzuri sana, nayo haikuwa jibu la swali lake. Aweza kusema tena: huu ni mchezo wa kuchekesha, na sheria ya kuchekesha ni kumnasa mbaya. Ni kweli, na tusingalikuwa na neno kama mbaya huyu asingalipewa na mtungaji sauti nzito namna ile.

Kuna jambo moja ambalo msomaji wa Kiswahili hulisikia kwa nguvu zaidi. Lugha yetu hutumia neno moja, haki, kwa mambo mawili: kile kilicho changu kwa sheria, na ule uadilifu upasao kwa watu wote. Twasema "haki yangu", na twasema "hukumu ya haki". Shylock apodai haki adai ile ya kwanza. Portia amwambia kwamba kwa kuwa ameing'ang'ania haki, ataipata kupita alivyotaka. Naye ampa ile ya kwanza pia, kwa kipimo cha nywele, huku watazamaji wakidhani kwamba ndiyo ya pili. Kiswahili, kwa kuliacha neno moja lifanye kazi zote mbili, chatulazimisha tuulize kila mara: ni haki ipi hii?

Jina alilolichagua mfasiri lastahili kufikiriwa pia. Bepari ni neno lililotujia kutoka lugha za Bara Hindi, na maana yake ya zamani ni mfanyi biashara tu. Lakini kufikia mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, lilikuwa limekwisha kupata uzito wa siasa. Tena mfasiri ameliweka katika wingi. Hivyo jina la Kiswahili halimnyoshei kidole mtu mmoja; lawakusanya mdai na mdaiwa katika soko moja. Jambo hili laipa nguvu hoja ya watumwa tuliyoitaja. Mfasiri mwenyewe hakuwa mgeni wa kizimba: mwaka 1958 alishitakiwa mjini Dar es Salaam kwa maandishi ya kukashifu, na miongoni mwa waliomtetea alikuwa D. N. Pritt, wakili mashuhuri wa Kiingereza. Aliyejua maana ya kusemewa alitupa kwa lugha yetu picha ya mtu asiyesemewa.

Na picha hiyo haiko mbali na watu wetu. Katika Tanzania Mahakama ya Mwanzo imeendesha mashauri kwa Kiswahili, na kwa miaka mingi sheria haikuwaruhusu mawakili kusimama humo. Mkulima na jirani yake walijisemea, au pengine walisemewa na jamaa kwa ruhusa ya hakimu. Mwaka 2021 sheria ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama kwa jumla. Katika Kenya sheria ya mwaka 2016 ilianzisha mahakama ya madai madogo, iliyoanza kazi mwaka 2021, ambamo mtu aweza kujiendeshea shauri lake bila ya kubanwa na kanuni zote kali za ushahidi. Hayo ni mambo ya kushukuriwa. Lakini mchezo huu watuonya tusidhani kwamba mtu akisikia lugha ya mahakama amekwisha kuisikia sheria. Shylock aliielewa lugha ya Venisi neno kwa neno. Aliijua hati yake kwa moyo. Alichokosa ni mtu wa kumwambia kile ambacho hati haikusema.

Ndiyo maana yapendeza kuona kwamba Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya Tanzania, ya mwaka 1985, katika kifungu cha 231, yamtaka hakimu, upande wa mashitaka ukiisha kutoa ushahidi wake na ikionekana kwamba mshitakiwa ana la kujibu, amweleze mshitakiwa haki zake: kwamba aweza kutoa ushahidi na kwamba aweza kuita mashahidi. Kifungu hicho ni kikavu, wala hakina ufasaha wa hotuba ya Portia juu ya huruma. Lakini kama kingalisomwa katika baraza la Venisi, pale Shylock alipogeuzwa mshitakiwa, kingalimfaa kuliko hotuba ile.

Mwisho wa onyesho waustahili usikivu wetu. Mtu aliyeingia na maneno mengi kuliko wote aulizwa kama ameridhika na masharti: aache dini yake, na mali yake iandikwe kwa yule aliyemtorosha bintiye. Ajibu kwamba ameridhika. Kisha asema kwamba hajisikii vyema, aomba ruhusa ya kwenda, na hati ipelekwe nyumbani kwake ataitia sahihi. Huyu ndiye aliyekataa kusikia lolote lisilokuwa katika hati. Sasa akubali kutia sahihi hati asiyoisoma. Kwetu sisi kimya hicho ni ushahidi kwamba kujitetea kwake kumekwisha, maana hakuna tena nafsi ya kutetewa.

Aliyakusudia maovu, na tumekwisha kulisema hilo bila ya kuficha. Lakini wahenga walipotuachia usemi wa mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, hawakuweka sharti kwamba mnyonge awe mtu mwema. Mahakama ya Venisi ilimnyonga mtu wake, ikakisahau kipande cha pili cha usemi.